Hadithi Njoo, Uongo Usije

Hadithi! Hadithi!

Nawasikia mkiitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Basi leo nabadilisha masharti. Hadithi na ije, utamu mtauonja wenyewe, lakini uongo ulale nje na mbwa. Leo sina sungura wala fisi. Mambo haya yalitokea, watu walikufa, na baadhi ya walionusurika bado wanajikongoja Isiolo na bakora zao.

Sogeeni karibu na jiko. Wewe mwenye simu, ilaze kifudifudi.

Jana usiku, baada ya taarifa ya habari, mliniuliza swali. Mlikuwa mmesikia habari za Sahara Magharibi, jangwa ambalo Wahispania walilitawala kisha wakaliacha mwaka 1976. Morocco ikasema ni lake, vijana wa Polisario wakasema ni nchi yao wenyewe, na wakapigana hadi 1991. Morocco ikajenga boma la mchanga na mawe, kilomita zipatazo 2,700, likalikata jangwa vipande viwili. Mpaka leo ugomvi huo haujaamuliwa. Mmoja wenu akacheka: "Cucu, si ni mchanga tu? Wanagombania nini?"

Nilicheka nanyi, halafu usingizi ukanipaa. Swali hilohilo niliwahi kumuuliza baba yangu nikiwa msichana. Sikuuliza habari za Morocco. Niliuliza habari za nchi inayoanza pale mlima wetu, Mlima Kenya, unapoishia. Baba hakunijibu. Labda hakuwa na jibu la kumpa mtoto. Mimi nitajaribu.

Hebu tusafiri kwanza, bila nauli. Tunapanda matatu hapa Karatina, tunapita Kiganjo na Naro Moru, mlima ukiwa mkono wa kulia. Nanyuki tunavuka ikweta, na wale vijana wenye karai watatuonyesha jinsi maji yanavyozunguka upande huu na upande ule (msiwaamini, karai dogo halijui ikweta). Timau ni mashamba ya ngano na baridi ya kung'ata masikio. Tukishaipita njia panda ya Subuiga, ile inayokwenda Meru, barabara inaporomoka. Masikio yanaziba. Unavua sweta. Miti mirefu inakwisha, migunga inaanza, na harufu ya udongo wenye mvua inageuka kuwa ya vumbi na mbuzi. Mara umefika Isiolo: misikiti, miraa ya Meru, kina mama wenye mitandio ya rangi, ngamia. Ukigeuka utauona mlima wetu uleule, lakini ni uso wake mwingine, uso ambao sisi wa Nyeri hatuuoni tukiwa nyumbani.

Hapo Isiolo kuna familia za Wasomali ambao babu zao walipigana katika jeshi la Waingereza kwenye Vita Vikuu vya Kwanza, wakapewa mahali pa kukaa. Kuna Waborana na ng'ombe wao wa Waso, yaani nchi ya mto Ewaso Nyiro. Kuna Wasamburu, Waturkana, Wameru. Ukiuza chai Isiolo lazima ujue kusalimu kwa lugha tano.

Na kulikuwa na kizuizi. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitoa sheria iliyoifunga nchi yote ya huko juu: Isiolo, Marsabit, Moyale, Wajir, Mandera na Garissa. Hakuna kuingia wala kutoka bila kibali. Wenyewe Waingereza waliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na watu wakazoea herufi tatu za Kiingereza, NFD. Ilikuwa zaidi ya theluthi moja ya Kenya. Shule zilihesabika kwa vidole, barabara ilikuwa alama za magurudumu mchangani. Kilichokuwapo ni kituo cha polisi, bendera na jela. Ndiyo maana hata leo mzee wa Marsabit anayeteremka Nanyuki anaweza kukuambia, bila kutania, "Naenda Kenya."

Jela nayo mnaijua, ila hamjui kwamba mnaijua. Jomo Kenyatta alipohukumiwa mwaka 1953 alipelekwa Lokitaung, huko Turkana, kwenye mawe na jua. Aliyefungwa naye huko alikuwa mtu wetu wa Nyeri hapa, Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya na kukamatwa Januari 1954. Kwa hiyo kwa mkoloni nyika ya kaskazini ilikuwa ghala la kuwekea watu asiotaka kuwaona. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa mipaka. Hapa kwetu mpaka wa shamba ulipandwa itoka, lile yungiyungi lenye kitunguu kikubwa ardhini. Ukiling'oa leo, mwezi ujao limeota tena, na wazee wanajua ni nani aliyeling'oa. Mpaka wetu una mizizi. Lakini utampandia itoka mfugaji wa ngamia? Mvua ikinyesha kwa jirani, yeye huhama kwenda kwa jirani. Ardhi haimshughulishi sana. Kinachomshughulisha ni kisima. Kisima kirefu cha Waborana kina ukoo wake, kina msimamizi wake, kina zamu za kunywesha ambazo hata mtu tajiri hazivunji. Anayejua zamu za visima anajua siasa yote ya nchi ile.

Waingereza na Waitaliano hawakuuliza habari za zamu. Mwaka 1925 Uingereza iliichukua Jubaland, nchi ya mto Juba iliyokuwa sehemu ya Kenya, ikaipa Italia kama shukrani kwa kuwa upande wake vitani. Kalamu ikapita kwenye ramani, na binamu wakaamka kila mmoja na mkoloni wake.

Somalia ikapata uhuru Julai 1960. Bendera yake mmeiona: buluu, na nyota nyeupe yenye ncha tano. Kila ncha ilikuwa na jina. Mbili zilikuwa ni nchi iliyokwisha kuungana, ile ya Waingereza na ile ya Waitaliano. Tatu zilikuwa bado: Djibouti ya Wafaransa, Ogaden ya Ethiopia, na ya tano ilikuwa hapo, chini ya mlima wetu. NFD.

Mwaka 1962, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, Uingereza ilituma watu wawili kwenda kuwauliza wananchi wa kaskazini wanataka nini, mmoja Mnigeria, mwingine Mkanada. Walizunguka vituo vyote na kusikiliza. Wasomali, ambao ndio wengi, walisema wazi: tunataka kwenda Somalia. Wengine walisema: sisi ni wa Kenya. Waborana wa Isiolo waligawanyika, nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo watu waliulizwa, wakajibu, na jibu likaandikwa vizuri kwenye karatasi. Halafu Machi 1963 Waingereza wakaamua kinyume chake: kaskazini itabaki Kenya. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huohuo. Huku kwetu vyama vya KANU na KADU, vilivyokuwa havipatani hata kuhusu rangi ya anga, vilipatana kuhusu hilo moja, kwamba hakuna hata kipande cha ardhi kitakachotoka.

Mimi simlaumu mtu kwa kutotaka nchi yake ikatwe. Ila ukimuuliza mtu maoni yake kisha ukayatupa mbele ya macho yake, usishangae akitafuta njia nyingine ya kusema.

Garissa, Wajir na Mandera zikafanywa mkoa wao. Isiolo, Marsabit na Moyale zikaunganishwa na Meru na Embu katika Mkoa wa Mashariki, na makao makuu yakawekwa Embu. Hebu fikiria mchungaji wa Moyale mwenye shauri la mkoa. Itabidi avuke nyika nzima, auzunguke mlima, ateremke upande wa pili kati ya migomba na kahawa, ndipo aikute serikali yake.

Sasa nawaletea watu wawili, na majina yao msiyasahau. Wa kwanza ni Daudi Dabasso Wabera, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kukalia kiti cha mkuu wa wilaya, yaani DC, naye alikuwa DC wa Isiolo. Wa pili ni Haji Galma Dido, chifu mkubwa wa Waborana. Wote wawili waliamini kwamba maisha ya watu wao yako Kenya, na walizunguka kuwashawishi watu kwa maneno, bila bunduki. Tarehe 28 Juni 1963, siku ishirini na saba tu baada ya Madaraka ya kwanza, siku Kenya ilipoanza kujitawala, walipigwa risasi Modogashe, wakafa. Mkienda Nairobi, katikati ya jiji, mtaipita Wabera Street. Ni barabara fupi yenye maduka na benki, na maelfu wanaipita kila siku wakiwahi kazini. Waulizeni Wabera alikuwa nani. Mimi niliwahi kuwauliza watu sita hapo, mmoja akaniambia ni Mzungu.

Desemba 12 uhuru ukaja, tukacheza hapa hadi miguu ikavimba. Mwezi haukuisha kabla Kenyatta hajatangaza hali ya hatari kaskazini. Mtu aliyefungiwa jangwani sasa alikuwa waziri mkuu, na saini iliyolifunga jangwa upya ilikuwa yake.

Waliotaka kwenda Somalia walikuwa wameshika bunduki, na vita vyenyewe havikuwa kama vile vya sinema. Hakukuwa na majeshi mawili yanayotazamana. Vikundi vidogo vya vijana, wengi wakipata silaha kutoka ng'ambo ya mpaka, vilitembea usiku kwa miguu na ngamia, vikashambulia kituo cha polisi, vikatoweka. Malori yakawa yanakwenda kwa misafara yenye askari. Kisha yakaja mabomu ya kutegwa ardhini, na hapo hata kukanyaga barabara kukawa ni kucheza na roho. Redio Mogadishu ilitangaza ushindi, na redio yetu ilitangaza ushindi pia. Mtoto kama mimi niliyesikiliza zote mbili kwa jirani sikuelewa vita gani ambavyo kila mtu anashinda.

Serikali iliwaita shifta. Neno hilo limetoka Ethiopia, maana yake jambazi wa porini. Angalieni neno linavyofanya kazi. Mwenye bunduki aliitwa shifta. Baadaye mwenye binamu mwenye bunduki akaitwa shifta. Mwisho mchungaji wa miaka kumi na miwili aliyekutwa na kibuyu cha maziwa mahali asipotakiwa, naye shifta. Babu yenu mkubwa, ndugu wa baba yangu, aliyeingia msitu wa Aberdare mwaka 1953, alikuwa na neno lake pia katika magazeti ya Wazungu, na neno hilo halikuwa "mpigania uhuru".

Mwaka 1964 viongozi wa Afrika walikutana Cairo wakakubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Somalia ilikataa. Wakubwa walikuwa na hoja nzito: ukifungua uzi mmoja, Afrika nzima inafumuka. Lakini hoja nzito ikitua juu ya mtu mwepesi humvunja mbavu.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo, nyumbani hapa. Mwaka 1954 nilikuwa na miaka sita. Asubuhi moja tuliamriwa tutoke, na nyumba zetu zilizotawanyika kwenye miteremko, kila mmoja kwenye shamba lake, zikachomwa. Tukapelekwa kijijini. Kijiji si jambo baya, mnasema, hata leo tunaishi kijijini. Kile kilikuwa na handaki lililokizunguka, miti iliyochongwa imesimamishwa ndani, mlango mmoja, mnara wa askari. Mama alikuwa anatoka saa chache kwa siku, akiongozwa na askari, na saa nyingine alichimba handaki la serikali bila malipo. Zaidi ya watu milioni moja wa upande huu wa nchi waliwekwa hivyo, katika vijiji zaidi ya 800. Sababu ilikuwa githeri. Mkoloni alijua kwamba vijana wa msituni wanalishwa na mama zao. Mtenge mama, mwana atatoka kwa njaa.

Mwaka 1966 serikali yetu, ya watu weusi, yenye mawaziri waliotoka kwenye vijiji vyenye handaki, ilifanya hivyohivyo kaskazini. Kule githeri ilikuwa ni maziwa. Watu wa Waso walikusanywa Garba Tulla, Merti na Modogashe, wakazungushiwa ua, wakawekewa askari na saa za kutotoka. Aliyekutwa nje alihesabiwa adui.

Lakini sikilizeni tofauti, maana ndiyo roho ya hadithi hii. Mama yangu, pamoja na mateso yote, shamba lilimngoja. Ukilifunga shamba miaka mitatu, magugu yataota, na siku utakayolifungua utalilima. Ng'ombe na ngamia hawangoji. Mali yao ni mwendo. Wakikusanyika maelfu mahali pamoja, nyasi zinakwisha kwa siku chache, kisima kinakauka, ugonjwa unaruka kutoka mgongo hadi mgongo. Wengine walikufa kwa njaa ndani ya ua, wengine walichukuliwa, wengine walipigwa risasi na askari kwa sababu ngamia ndiye gari la shifta. Wachungaji waliokuwa na mifugo ya kujaza bonde walitoka humo wakiwa na kamba mkononi.

Waborana wa Isiolo wana jina la miaka ile. Wanaiita Daaba. Maana yake ni kusimama, kuzuiwa. Wakati uliokataa kwenda. Mtu wa huko akikueleza umri wake anaweza kusema alizaliwa kabla ya Daaba, au ndani ya Daaba, kama vile mama yangu alivyosema dada yangu ni wa mwaka wa handaki.

Na hili linaniuma kulisema mbele ya wajukuu, lakini tulikubaliana uongo ulale nje. Habari zile tulizisikia. Askari waliporudi likizo walisimulia. Malori yalipita hapa yakielekea kaskazini na turubai zimefungwa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nauza viazi sokoni na mama, na sikumbuki hata mtu mmoja soko zima la Karatina aliyesema: kijiji hicho nakijua. Hata mama. Hata mimi.

Vita vilimalizwa mezani, mbali. Somalia ilipata waziri mkuu mpya mwaka 1967, Mohamed Egal, aliyetaka kuongea. Kenneth Kaunda wa Zambia akawapatanisha, na tarehe 28 Oktoba 1967, Arusha, Egal na Kenyatta wakakubaliana kuacha uhasama. Nani alishinda? Najua mtauliza, watoto huuliza hivyo. Mpaka ulibaki palepale. Ukitaka kuita huo ushindi, ita.

Sheria za hatari hazikuondoka na vita. Zilikaa hadi 1991, miaka ishirini na minne baada ya Arusha. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyafanya huko wakati wa vita. Kizuizi cha Isiolo kiliendelea kuuliza kitambulisho kwa sauti ambayo kizuizi cha Sagana hakikuwa nayo. Kuna na mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984. Hayo sitawasimulia usiku huu, nyie wadogo hamtalala. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake, na mambo ya miaka ya Daaba yakaandikwa humo kwa rangi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Ripoti ni nene. Fidia bado ni maneno.

Mnaona jiko linazima. Ongezeni kuni mbili, si zaidi, bei ya kuni mnaijua.

Mmoja wenu ananong'ona kuhusu ngamia. Sema kwa sauti. Kama walirudi? Ndiyo, polepole, kwa wale waliopata wa kuanzia. Wengi hawakupata, ndio walioshuka mjini kuchoma makaa na kuomba kazi. Lakini siku hizi wapo kina mama wa Isiolo wanaokusanya maziwa ya ngamia kutoka porini na kuyatuma Eastleigh, Nairobi, kwa basi. Mitungi ya plastiki hufukizwa kwanza kwa moshi wa mti maalumu ili maziwa yasiharibike upesi, na moshi huo hubaki ndani ya maziwa.

Basi hilo huja kwa njia yetu ileile. Linapanda Timau, linapita Nanyuki, Naro Moru, Kiganjo, na kabla ya mchana linasimama dakika mbili pale steji yetu ya Karatina, wanapouziwa abiria ndizi dirishani. Kesho ni siku ya soko na mtakuwa nami. Likija, tutasogea upande wa mizigo, na nyinyi mtavuta pumzi kwa pua, mniambie kama mmeusikia ule moshi.